Idadi Isiyolingana na Yenyewe

Mimi na Osée tulipomaliza chuo tuliamua kuikomboa nchi kwa lugha ya kompyuta. Wenzetu walikuwa na mipango midogo zaidi, kama kutafuta kazi. Sisi tulikodi chumba Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, katikati ya kinyozi na mama anayeuza mawese, tukaanza kutengeneza lugha ambayo kwayo mtoto wa Uvira angeweza kuiamrisha mashine kwa Kiswahili, bila kuomba ruhusa kwanza kwa Kifaransa. Tuliiita Ruzizi, kama mto wetu. Osée alisema jina linafaa kabisa, kwa sababu lugha yetu nayo ilienda polepole, ilijaa matope, na kila aliyejaribu kuivuka alikutana na mamba.

Moyo wa lugha ya namna hiyo ni kile kitu tulichokiita chuoni kompilateri, yaani programu inayochukua maneno ya mtu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazifahamu. Tuligawana kazi. Mimi, Igiraneza, nilichukua namba. Osée alichukua mbio: sehemu yake ilipita ndani ya kila programu ikitafuta maswali ya bure na kuyafuta, ili mashine isipoteze wakati.

Mgawanyo huo ulifuata damu zetu, ingawa hatukujua wakati ule. Osée ni mtoto wa wavuvi wa ziwani. Kwao wanahesabu kila kitu kwa sauti: mabeseni ya ndagala, taa za mitumbwi, wageni wanaochelewa kuondoka. Mimi ni mtoto wa wafugaji walioshuka kutoka milimani. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake mbele ya watu, wala hakubali wengine wamhesabie. Kuhesabu ni kumwonyesha mauti mahali pa kuanzia. Baba yangu, mzee Ndahiro, anawajua ng'ombe wake wote kwa majina, kwa rangi na kwa mama zao. Ukimuuliza ni wangapi, anakuuliza habari za mvua.

Mwaka huo homa ya mapafu ya ng'ombe ikaingia katika uwanda wa Ruzizi. Ng'ombe anaanza kukohoa kama mzee anayetaka kusikilizwa, na kabla hujampata wa kumsikiliza amelala. Huko Nyakabere, baba alikohamia, mizoga ilianza kuonekana kando ya mifereji. Ndipo tukasikia kwamba Docta Célestine atapanda na chanjo.

Célestine alikuwa daktari wa mifugo wa Uvira, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubishana na viumbe wenye pembe. Sharti lake lilikuwa moja. Dozi hazitoshi ng'ombe wote, kwa hiyo zigawanywe kwa haki, kila mfugaji kulingana na wingi wa ng'ombe wake. Pasta wa Nyakabere, ambaye aliamini kwamba mtu mwenye diploma anaweza chochote, akatuomba tuandike programu ya kugawa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote duniani kuihitaji lugha yetu. Nililia kidogo. Osée alijifanya anatafuta chaja.

Jaribio la kwanza lilifanyika kanisani Nyakabere, wiki moja kabla ya chanjo kufika, kwenye ukuta uleule unaoonyesha maneno ya nyimbo siku ya Jumapili. Vijana walitaja idadi zao, kila mmoja akipunguza kidogo kwa usalama wake. Wazee wawili walikataa: baba yangu na mzee Gakwaya, mpinzani wake katika mambo yote yanayohusu pembe, mabonde na viti vya mbele kanisani. Nafasi zao tuliziacha wazi. Na mashine, kama karani mvivu, ilipokuta nafasi wazi ikaijaza sifuri.

Ukutani, kwa herufi kubwa kuliko za wimbo wowote, kukatokea: Ndahiro, ng'ombe 0, dozi 0.

Baba alivaa kofia yake ndani ya nyumba ya Mungu, akatoka. Gakwaya alicheka mpaka mstari wake ukafika, na wake ulikuwa vilevile, naye akatoka. Nilimkuta baba nyumbani amekaa na fimbo magotini. Nilimletea maziwa. Hakuyapokea. Aliongea na ukuta, akauambia kwamba kuna wazazi walioibiwa ng'ombe kwa bunduki, na kuna yeye, aliyemsomesha mtoto hadi akawaua ng'ombe wote kwa kidole kimoja.

"Baba, sema tu idadi," nikamwomba. "Célestine atawachanja. Gaju atapona."

Gaju ni ng'ombe wa rangi ya udongo mbichi ambaye nilikua nikinywa maziwa ya mama yake. Baba aliposikia jina lile aligeuka, na nikaona kwamba anaogopa. Sikujua anaogopa nini.

"Mwana wanjye," akasema, "muntu hahesabu kile Mungu anamupa. Anashukuru, anafunga lango. Sitasema."

Mpaka naondoka hakuchukua maziwa mkononi mwangu. Kwa watu wetu hilo ni zito kuliko tusi.

Nilirudi Kimanga nikiwa na kazi moja: ng'ombe wa baba wachanjwe, na baba asiseme. Jibu lilikuwa limelala ndani ya mashine kabla sijazaliwa. Waliotengeneza hesabu za kompyuta walijua kwamba kuna majibu ambayo si namba. Ukigawa kitu kwa sifuri, mashine inakujibu kwamba hakina mwisho; kompilateri yetu ya mwanzo, wafugaji wote waliponyamaza katika majaribio yangu, ilikuwa imemwahidi kila ng'ombe wa uwanda dozi zisizo na mwisho. Kuna hata sifuri yenye alama ya kutoa mbele yake, ambayo mpaka leo sijui inamkasirikia nani. Lakini kuna moja niliyoipenda. Ukigawa sifuri kwa sifuri, mashine haisemi sifuri, haisemi moja, haisemi chochote kinachohesabika. Inatoa thamani maalumu inayomaanisha kwamba hapa pana jambo, lakini jambo hilo si namba.

Thamani hiyo ina tabia mbili. Kwanza inaambukiza: chochote ukijumlisha nayo, jumla nayo inaacha kuwa namba. Pili, hailingani na kitu chochote, hata na yenyewe. Ukiiuliza mashine kama iko sawa na yenyewe, inajibu hapana. Watu wengi huona hiyo ni kasoro. Mimi niliona adabu. Watu wawili wasiotaka kusema hawawi sawa kwa sababu tu wote wamenyamaza.

Katika Ruzizi niliipa jina la Haisemwi. Nafasi ikiachwa wazi, kompilateri iweke Haisemwi, si sifuri. Kisha nikaandika programu upya. Kabla ya kujumlisha, iulize kwa kila mfugaji: je, idadi hii ni tofauti na yenyewe? Kama ndiyo, iachwe nje ya jumla, na badala ya dozi ukutani pawe na maneno haya: aje nao mwenyewe. Walioitaja idadi wangepewa sehemu yao, na sehemu ya sanduku ingewangojea wale wawili, waje na ng'ombe wao langoni, mwenye sindano achome mpaka waishe. Nilijaribu mezani kwangu, ikafanya kazi. Nikampigia baba simu. Nilimwomba aje, nikamwapia kwamba safari hii ukuta hautasema neno baya. Alinijibu kwamba kuta hazina aibu, lakini atakuja, kwa kuwa Gakwaya naye anakuja.

Siku ya chanjo tulipanda pikipiki moja kutoka Kimanga, mimi, Osée, dereva na kompyuta, na ni kompyuta peke yake iliyopewa nafasi ya kukaa vizuri. Kanisa lilikuwa limejaa. Nje, karibu na uzio wa miti uliojengwa kwa ajili ya kazi hiyo, Célestine alisimama kando ya sanduku lake la barafu. Alitueleza kwamba barafu itaishi hadi jioni tu, na ikiyeyuka kabla hajamaliza, chanjo itafaa kumwagilia mboga. Sanduku jingine haliko. Hakupandisha sauti aliposema hivyo, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

Jenereta la kanisa lilikuwa na petroli kidogo. Osée, kwa moyo mwema kabisa, aliwasha sehemu yake ya mbio kabla ya kutafsiri programu yangu, ili tumalize kabla petroli haijaisha. Programu yenyewe ilihitaji muda mfupi kuliko kupiga chafya. Lakini yeye ni mtoto wa wavuvi, hawezi kuona injini akaacha kuiongezea kasi.

Majina yakaanza kupanda ukutani.

Ndahiro: haisemwi. Gakwaya: haisemwi. Hapo nikajua pameharibika, maana sikuona yale maneno yangu ya kuwaita. Kisha: Muhire, dozi haisemwi. Placide, dozi haisemwi. Agathe, mjane mwenye ng'ombe mmoja ambaye kila mtu alimwona asubuhi ile akifungwa nje ya mlango wa kanisa: dozi haisemwi. Na chini kabisa, kwa herufi nene: Jumla ya Nyakabere, haisemwi.

Kisha mzee Gakwaya akasimama, akaegemea fimbo, akaangalia ukuta wote kutoka juu hadi chini.

"Sasa," akasema, "mashine imejifunza adabu."

Akapiga makofi. Wazee wote wakapiga makofi. Pasta, ambaye hakuwahi kuacha makofi yapite bila kuyatumia, akasema amina. Hata baba alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia hatimaye hukumu ya haki. Sijawahi kuona kosa la kompyuta likipokelewa kwa heshima kama ile.

Célestine hakupiga makofi. Aliingia hadi mbele, akasoma jumla, akauliza ni nani kati yetu atamwambia dozi ngapi zinaingia katika ng'ombe haisemwi.

"Hii sanduku haiko ile ya mikate na samaki," akasema. "Minye nafunga. Kuna batu chini kule bako najua kuhesabu."

Akatoka, nikasikia komeo la sanduku likigonga. Kutoka mlangoni nilimwona dereva wake akizima sigara. Baba alikuwa bado anapokea pongezi.

Nilimvuta Osée nyuma ya madhabahu, mahali pa ngoma. Nilimuuliza amefanya nini. Akasema hakufanya kitu, aliharakisha tu. Nikamwambia afungue alichofuta. Akafungua, na pale palikuwa na swali langu, limekatwa kama mkia wa mjusi. Sehemu yake ilipokuta mahali panapouliza kama idadi ni tofauti na yenyewe, ilicheka kivyake, ikaamua kwamba jibu ni hapana siku zote, ikafuta swali. Bila swali, Haisemwi mbili za wazee ziliingia katika jumla, jumla ikaambukizwa, na jumla ikamwambukiza kila mtu aliyegawiwa kutoka kwake. Homa ya mapafu yenyewe haiendi mbio hivyo.

"Lakini Neza, fikiria," Osée akasema, akiwa na uso wa mtu aliyeonewa. "Kitu gani inaweza kukosa kulingana na yenyewe? Hata mwizi iko sawa na mwizi."

"Weye humujui baba yangu."

"Papa yako iko muntu moja."

"Mbele ya ibada ni moja. Nyuma ya ibada ni ingine. Na ukimuuliza ng'ombe, haiko hata moja kati ya hao."

Namheshimu Osée kwa jambo hili: akishindwa, hushindwa haraka, kama afanyavyo mambo yake yote. Aliketi juu ya ngoma kubwa, kompyuta magotini, akaandika katika sehemu yake amri kwamba swali la kitu kujilinganisha na chenyewe lisifutwe kamwe, hata lionekane la kijinga namna gani, maana huenda aliyeuliza ana baba. Maneno hayo ya mwisho aliyaacha ndani ya kompilateri. Yako mpaka leo.

Mimi nilikimbia nje. Célestine alikuwa ameshaingia garini, sanduku likiwa miguuni pake. Nilishika dirisha. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu vijana, nchi na kesho, na yote yakanikimbia. Nilimwambia tu kwamba baba yangu ana ng'ombe anayeitwa Gaju, na kwamba kosa la mashine lilikuwa letu, si la wafugaji. Aliangalia sanduku kana kwamba linaweza kumshauri. Akaniambia kwamba petroli ya pasta ikiisha kabla hajaona namba, anaondoka, hata nikimshika kwa meno.

Petroli haikuisha. Majina yakapanda upya. Muhire alipata sehemu yake, Placide yake, Agathe dozi moja kwa ng'ombe wake mmoja, akasema asante kwa ukuta. Na chini yao:

Ndahiro: aje nao mwenyewe. Gakwaya: aje nao mwenyewe.

Hapo ugomvi wa zamani ukaamka. Gakwaya alitaka kujua kwa nini jina la Ndahiro liko juu ya lake. Je, mashine inasema Ndahiro ana wengi zaidi? Nilimjibu ukweli, kwamba mashine imeulizwa na imekataa: Ndahiro si mkubwa kuliko Gakwaya, si mdogo kuliko Gakwaya, wala hawalingani. Jina lake liko chini kwa sababu nililiandika baadaye. Wazee wakalitafuna jibu hilo. Kila mmoja alilitafsiri kwa faida yake, wakaridhika, na nikafikiri kwamba kama viongozi wetu wangejifunza kutoa majibu kama hayo, tungelala vizuri zaidi.

Célestine alianza kazi. Ng'ombe waliotajwa wakapita kwenye uzio, kisha wa Gakwaya, kundi zuri lenye pembe pana. Mzee huyo alisimama langoni kifua mbele, akijifanya hatazami kama watu wanatazama. Barafu ilikuwa inageuka maji. Baba alikuwa ametoweka.

Kisha akatokea kutoka upande wa matete ya mto, akiwapigia mluzi.

Nilikuwa nimeishi mjini miaka ya masomo. Nyumbani nilikuja siku za sikukuu, wakati ng'ombe wako malishoni, na picha niliyokuwa nayo kichwani ni ya utotoni kule milimani, ambako mwisho wa kundi haukuonekana kwa ukungu. Sikuwa nimefikiri ni nini kilichobaki baada ya kukimbia, baada ya mabonde yale na watu wenye silaha waliokuwa ndani yake. Baba hakuwahi kusema. Alikuja taratibu, mbele ya watu wote, fimbo mabegani, na nyuma yake vumbi lilikuwa jembamba. Gaju alikuwa mbele. Nikaelewa alichokuwa anaogopa siku ile alipoongea na ukuta. Kule kukataa kwake kulikuwa na desturi, ndiyo, na kulikuwa na majivuno, Mungu anajua. Na chini ya vyote viwili kulikuwa na hiki.

Mzee Gakwaya ndiye aliyekuwa wa kwanza. Ningemsamehe kama angecheka, maana amemngojea Ndahiro maisha yake yote. Aligeuka, akampa mgongo, akaanza kuitazama milima kwa makini makubwa, kama mtu aliyepoteza kitu huko. Muhire akageuka. Placide akageuka. Mmoja baada ya mwingine, wanaume wote wa Nyakabere wakawa wanatazama milima, na pasta akagundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea.

Kando yangu Osée alikuwa ameinua kidole, na midomo yake ilikuwa inatembea. Sio ubaya, kwao ndivyo wanavyosalimia kitu kinachoshuka ufukweni. Nilimshika kidole nikakishusha, nikamgeuza kwa bega. Tukasimama hivyo, mafundi wawili wa hesabu, migongo kwenye namba pekee iliyokuwa inatuhusu. Nyuma yetu tulisikia kwato, na sauti ya Célestine ikimwambia kila ng'ombe atulie, mama, imekwisha, pita. Nilijaribu kutosikiliza mara ngapi.

Komeo la sanduku likafunga. Célestine alipita kando yetu akifuta mikono.

"Zimetosha," akasema. Alitembea hatua chache, akasimama. "Na hiyo programu yenu, mutanipea. Kila kilima iko na bazee ya vile."

Baba alikuwa amekaa kivulini mwa uzio, kofia kwenye goti. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa ya asubuhi. Nilienda nikachuchumaa mbele yake, sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba hiyo nayo ni thamani. Aliniuliza kile kitu kilichoandikwa ukutani mara ya kwanza leo, kile cha adabu, ni nani aliyekipa jina. Nikamwambia ni mimi.

Akanywa kidogo. Kisha akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akanipa.

"Kunywa," akasema. "Na yule kijana wa samaki, mupe naye. Lakini asihesabu mafunda."